Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana: nani analipia programu zinazobeba data zetu za utafiti?

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke alama arudi baadaye.

Kazi yangu ni kutunza hazina ya data za utafiti, huu ni mwaka wa 9. Watafiti wakimaliza mradi wanatuletea data zao, tunazipanga, tunaziandikia maelezo, tunazipa kitambulisho cha kudumu, ile DOI, kisha yeyote anayezihitaji popote alipo anazipata. Programu tunayotumia ni huria na ni ya pamoja, taasisi nyingi zinaitumia. Kazi yenyewe naipenda. Ila kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, nalo ni pesa ya kuiendesha.

Niwape kisa kimoja. Jumatatu moja asubuhi nakuta barua ya mwanafunzi wa uzamivu kutoka nchi ambayo sijawahi kufika. Kiungo cha data kilichomo kwenye makala ya watafiti wetu hakifunguki, na yeye anazihitaji amalizie sura ya 3. Naingia kwenye seva. Cheti cha usalama kimeisha muda tangu Jumamosi usiku. Kilikuwa kinahuishwa chenyewe na skripti ndogo, skripti ikakwama, na barua za tahadhari zikawa zinakwenda kwenye anwani ya kijana aliyeiandika. Kijana yule aliajiriwa na mradi. Mradi ulikuwa umefungwa miezi 14 nyuma, na anwani yake ikafungwa siku mkataba ulipoisha. Tahadhari zote zile zilikuwa zinatumwa kwa mtu ambaye hayupo.

Cheti nilikihuisha kwa dakika 10. Kilichonila siku 4 ni kilichofuata. Skripti ilikwama kwa sababu mfumo wa seva ni wa zamani mno. Nikaupandisha mfumo, hifadhidata ikagoma. Nikaweka hifadhidata mpya, programu yenyewe ikaikataa kwa kuwa toleo letu lilikuwa limeachwa nyuma matoleo mawili. Nikaenda kuomba angalau mtu mmoja wa mkataba wa miezi 3 anisaidie kuhamia toleo jipya. Jibu lilikuwa fupi: mradi umefungwa, hakuna kasma ya kuandikia gharama hiyo.

Hakuna kasma. Data zipo, watumiaji wapo, seva inanguruma, lakini kwenye vitabu vya hesabu kitu hicho hakipo.

Fomu za wafadhili nimejaza nyingi. Swali lao la kwanza ni moja: jipya ni lipi? Sijawahi kukutana na fomu inayouliza ni kitu gani kinafanya kazi leo na kitakufa kisipotunzwa. Basi sisi watunzaji tunafanyaje? Tunayavika matengenezo nguo za ubunifu. Unataka kurekebisha upakiaji wa mafaili makubwa unaokatika katikati, pesa hupati. Unaandika andiko la jukwaa jipya kabisa, unapata ruzuku ya miaka 2, unajenga kipengele ambacho hakuna mtumiaji aliyekiomba, halafu jioni jioni ndipo unashika ile kasoro ya mafaili. Ruzuku ikiisha, umebaki na kipengele kimoja zaidi cha kutunza na mtu mmoja pungufu wa kukitunza. Uhaba wa pesa tumeuzoea. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata hiyo kidogo ikija, inakuja kwa njia inayoongeza mzigo.

Wala si sisi wadogo tu. NumPy, maktaba huria ya msimbo wa hesabu, ilitoka toleo la kwanza kamili mwaka 2006, na leo karibu kila hesabu ya kisayansi inayofanywa kwa lugha ya programu ya Python inapita humo. Ruzuku ya kwanza mahususi ya kuiendeleza ilipatikana 2017. Miaka 11 ilibebwa na watu waliokuwa wakimega saa kutoka kwenye kazi zao nyingine.

Sasa tazameni malezi yakifanyika. Protein Data Bank ilianza 1971 ikiwa na miundo 7 ya protini. Saba tu. Ikatunzwa. Ikahamishwa kutoka mashine hadi mashine, muundo wa mafaili ukabadilishwa, rekodi za zamani zikasafishwa upya, kazi ambazo hazimpi mtu jina. Leo ina miundo zaidi ya 200,000, na ndiyo iliyofunza AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini, kazi iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Nobel ya Kemia ya 2024. Hassabis amezaliwa 1976. Yaani hazina ilikuwa na umri wa miaka 5 wakati anayekuja kuonyesha thamani yake anazaliwa. Mfadhili wa 1975 angeuliza "matokeo tutayaona lini?", nani angemjibu?

Swali langu kwenu: huko mliko nani analipa, na analipa kutoka kasma gani? Na siku mkishindwa kulipa, data zinakwenda wapi?

#2 Mtakwimu

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi si mtunzaji, ni mtumiaji, tena mtumiaji wa kila siku.

Mfano ambao sitausahau ni DHS, zile tafiti za idadi ya watu na afya. Zilianza 1984 kwa pesa ya USAID na zimefanyika katika nchi zaidi ya 90. Nani kati yetu hajaandika kitu kwa data zile? Vizazi, vifo vya watoto, chanjo, lishe, maswali yale yale yakiulizwa kwa namna ile ile nchi hadi nchi, ndiyo maana unaweza kulinganisha. Februari 2025 mpango ukasimamishwa pamoja na misaada mingine ya Marekani, na anayeomba ruhusa mpya ya data akakutana na tangazo kwamba maombi hayashughulikiwi. Baadaye Gates Foundation ikajitokeza na fedha za kuvusha kipindi. Lakini ile miezi ya katikati, wanafunzi wenye tarehe za kukabidhi tasnifu walikaa hawajui la kufanya.

Miaka yote tulijipanga kwa ajili ya seva kuungua. Tulikuwa na nakala rudufu sehemu 2, sehemu 3. Saini ya mtu mmoja hatukuiwaza. Tangu hapo nikiambiwa hazina fulani ina mfadhili mmoja mkarimu sana, napata hofu badala ya kufurahi.

#3 Mwenye Shaka

Nimesoma yote. Naheshimu uchungu wa mleta mada, ila niulize ambacho wengine hawataki kuuliza.

Kwani ni lazima zote ziishi? Kila mradi unajenga hazina yake, na nembo yake, na nywila zake. Nyingine ukiifungua ina seti 6 za data, na ya mwisho iliwekwa miaka mingi iliyopita. Kama hakuna anayetembelea na hakuna anayelipa, hilo si jibu tosha? Pili, kuna makampuni makubwa yanayokodisha seva na diski, tena kwa uhakika kuliko chumba cha seva cha taasisi yoyote. Weka data kule, lipa bili, maisha yaendelee. Sioni kwa nini kila mtu awe na fundi wake.

#4 Mleta mada

Mwenye Shaka, asante kwa kusema wazi. Nusu ya kwanza nakubaliana nawe kabisa. Hazina nyingi hazikupaswa kuzaliwa. Mradi ulipaswa kuingia kwenye hazina iliyopo, lakini ndiyo ile fomu tena: kujiunga na kilichopo hakuhesabiki kuwa jipya.

Ila kufunga nako ni kazi, ndugu yangu. Nimewahi kufunga moja yenye seti 212. Kila seti ilibidi itafutiwe makao, mwenye data atafutwe akubali (2 walikuwa wameshafariki), leseni zisomwe, na kila DOI ielekezwe kwenye anwani mpya ili makala za zamani zisibaki na viungo vilivyokufa. Miezi 5. Aliyeilipia ni nani? Hakuna, niliifanya juu ya kazi zangu. Hazina inayoachwa ife yenyewe haifi kwa utaratibu, inapotea tu, na wa kwanza kujua ni msomaji anayebofya.

Kuhusu kukodi: diski hazijawahi kuwa tatizo letu kubwa. Nikijumlisha matumizi ya mwaka, sehemu kubwa mno ni mishahara ya watu, na hapo ndipo wengi wanapopigia hesabu vibaya. Wanadhani kuhifadhi data ni kuhifadhi mafaili. Juzi tumepokea seti ya kaya ambapo kwenye safu ya umri kuna watu wenye miaka 99, wengi kupita kiasi. Mtunza data wetu akashtuka, akamwandikia mtafiti, ikajulikana kwamba 99 maana yake "hakujibu", na kwenye duru ya pili ya utafiti huo huo namba waliyoitumia kwa maana hiyo ni 98. Haikuwa imeandikwa popote. Mtu angekokotoa wastani wa umri, angepata namba na angeichapisha. Hakuna kampuni ya kukodisha diski itakayokuandikia barua ya namna hiyo.

#5 Mkutubi

Salaam wadau. Mimi niko upande wa maktaba, na maktaba ndizo zinazolipia sehemu nzuri ya mambo haya bila watafiti kujua.

Kuna njia kadhaa ambazo zimeonekana kufanya kazi. arXiv, ingawa ni ya makala na si ya data, ina somo zuri. Paul Ginsparg aliianzisha 1991 akiwa Los Alamos, ikahamia Cornell 2001, ikawa inabebwa na maktaba ya chuo kimoja wakati inahudumia wanafizikia wa dunia nzima. Mwaka 2010 wakafanya kitu rahisi: wakaangalia ni taasisi zipi zinazopakua zaidi, wakaziomba zichangie kwa hiari. Kusoma kukabaki bure, kuweka kukabaki bure. Baadaye Simons Foundation nayo ikaongeza nguvu. Mzigo ukaanza kugawanyika.

Zenodo, hazina ya data iliyo wazi kwa watafiti wote, ni njia nyingine, ya kumpata mwenyeji mkubwa. Ilizinduliwa 2013 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, pamoja na OpenAIRE, mradi wa Ulaya wa sayansi huria, na inakaa kwenye vituo vile vile vinavyohifadhi data za majaribio ya fizikia. Kwa mtu mwenye hifadhi ya ukubwa ule, data zetu sisi wengine ni kama kuongeza kikombe kwenye pipa. (Jina lenyewe limetokana na Zenodotus, mkutubi wa kwanza wa maktaba ya kale ya Aleksandria. Nalipenda sana jina hilo.) Na msimbo wake hawakuufungia ndani. InvenioRDM, programu ya kuendeshea hazina ambayo Zenodo yenyewe ilihamia 2023, imejengwa pamoja na taasisi nyingine ili yeyote aweze kuendesha yake.

Sasa niseme linalotokea kwenye kikao cha bajeti, maana nakaa humo. Ikitakiwa kupunguza matumizi, orodha inawekwa mezani: majarida ya kulipia, hifadhidata za kulipia, na chini kabisa michango ya programu huria. Mtu anauliza, tusipolipa hiki nini kitatokea? Jarida lisipolipiwa, ufikiaji unafungwa na kesho yake wahadhiri wako mlangoni. Mchango wa programu huria usipolipwa, hakuna kinachozimika. Kesho inafanya kazi, keshokutwa inafanya kazi. Kwa hiyo ndio unaokatwa wa kwanza, mwaka hadi mwaka, kwa sababu tu watunzaji wake walikuwa waungwana hawakutufungia mlango. Nimepinga mara nyingi, nimeshinda mara 2.

Na kwa anayesema tuwaachie makampuni: 2017 kampuni ya bepress, iliyokuwa ikiendesha hazina za vyuo vingi, ilinunuliwa na Elsevier. Vyuo vilivyojenga hazina huria ili kupunguza utegemezi kwa wachapishaji wakubwa vikajikuta hazina zao ziko mikononi mwa mchapishaji mkubwa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila hawakuulizwa.

#6 Mhasibu wa Miradi

Naomba nami niseme, maana "hakuna kasma" hutamkwa na watu kama mimi.

Watafiti mnakuja ofisini siku 2 kabla ya tarehe ya mwisho mkiwa na bajeti ambayo data zimeandikiwa mstari mmoja: "uhifadhi". Hakuna idadi ya saa, hakuna cheo cha mtu, hakuna ankara ya makadirio kutoka hazina yoyote. Mkaguzi akija namwonyesha nini? Mkiniandikia "mtunza data, asilimia 20 ya muda kwa miezi 36, pamoja na ada ya kuweka data mara moja kwenye hazina fulani", naipitisha bila maneno.

Jambo la pili wengi hawalijui. Sera ya NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, iliyoanza Januari 2023 inaruhusu gharama za kutunza na kushiriki data ziwekwe kwenye bajeti ya ruzuku. Wengi walishangilia. Lakini gharama lazima ziingiwe ndani ya muda wa mradi. Data zitakaa miaka 20, pesa lazima itoke kabla mradi haujafungwa. Ndiyo maana hazina zenye ada ya mara moja wakati wa kuweka, kama Dryad, zinaingia vizuri kwenye kanuni hiyo: unalipa leo, risiti inatoka leo, wao ndio wanaobeba ya kesho. Hazina inayotaka ada ndogo kila mwaka ni nafuu, lakini kwangu mimi ni mtihani, kwa sababu mwaka wa 4 hakuna wa kulipa.

Mleta mada, kwa hazina ya taasisi yenu suluhisho haliko kwenye miradi. Liko kwenye ile asilimia ambayo taasisi inakata kutoka kila ruzuku kwa gharama za jumla. Umeme wa maabara unalipwa kutoka hapo, walinzi wanalipwa kutoka hapo. Seva ya data na mtu wake waingie hapo. Msiiombe kama mradi, iombeni kama umeme. Kikao cha bajeti kikishaiona kama umeme, hakuna atakayeuliza jipya ni lipi.

#7 Fundi Msimbo

Nimekuwa nikisoma kimya tangu juzi. Mimi ni mmoja wa watunzaji wa maktaba ya msimbo inayotumiwa na hazina kadhaa za data. Siitaji kwa jina kwa sababu nitakalosema linatuhusu wengi.

Tuko 3. Mmoja ana mtoto mchanga, kwa hiyo tuko 2. Hakuna anayelipwa. Mkutubi amesema hakuna kinachozimika mchango usipolipwa. Ni kweli, seva haizimiki. Anayezimika ni mtu.

Data hazipungui kwa kusomwa. Watu 1,000 wakipakua faili moja, faili liko pale pale. Kinachoisha ni saa za mtunzaji, kwa sababu kila taasisi mpya inakuja na maswali yake, kasoro zake, na barua za "hili ni la haraka sana kwetu". Mafanikio ya programu ndiyo yanayotuchosha.

Na uchovu ni hatari ya kiusalama, naomba hili lieleweke. Machi 2024 iligundulika kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux, kuna mlango wa siri. Uliwekwa na mtu aliyejenga imani kwa zaidi ya miaka 2, akisaidia taratibu, huku wengine wakimsonga mtunzaji wa awali kwa barua za kulalamika kwamba anachelewa. Mtunzaji yule alikuwa peke yake na alishasema hali yake si nzuri. Akapokea msaada, kama ambavyo yeyote kati yetu angepokea. Aliyeugundua ni Andres Freund, na aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kulikuwa kunachelewa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde ndiyo iliyotuokoa. Na kabla ya hapo, 2014, ilipotokea Heartbleed, kasoro kubwa ya usalama, dunia ikashtuka kujua kwamba OpenSSL, programu huria yenye kasoro hiyo iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa inapata michango ya kiasi cha dola 2,000 tu kwa mwaka.

Nina ombi moja kwa taasisi, na halihitaji pesa mpya. Acheni kurekebisha nakala zenu kimya kimya. Kila taasisi ina fundi aliyebadilisha kidogo hapa na pale ili ipendeze bosi, na mabadiliko hayarudi kwenye msimbo mkuu. Waliokuwa na DSpace, programu huria ya kuendeshea hazina, wanajua kilichotokea 2021 lilipotoka toleo la 7. Sehemu yote ya mbele iliandikwa upya, na marekebisho ya ndani ya miaka mingi yakawa hayana pa kushikia. Wengine walibaki na toleo la 6 hadi likaacha kupata marekebisho ya usalama. Fundi wenu mnamlipa tayari. Mwambieni siku moja kwa wiki ni ya msimbo mkuu. Taasisi 10 zikifanya hivyo, hiyo ni sawa na watu 2 wa kudumu ambao leo hatuna.

#8 Mwenye Shaka

Fundi, hilo la siku moja kwa wiki limenigusa. Mimi nina mamlaka kidogo kwenye idara yetu na sikuwahi kulifikiria hivyo.

Lakini bado sijaelewa kwa nini mnakwepa njia iliyo wazi: anayetumia alipe. TAIR, hazina ya data za mmea wa Arabidopsis, ilipata pesa ya NSF, mfuko wa sayansi wa serikali ya Marekani, kuanzia 1999. Ufadhili ulipofikia mwisho hawakulia. Wakaunda shirika lisilo la faida, Phoenix Bioinformatics, 2013, wakaanza kutoza vyuo ada ya usajili. Iko hai mpaka leo. Wafanyakazi wanalipwa. Tatizo liko wapi?

#9 Mtakwimu

Tatizo liko kwangu, mkuu. Kwa taasisi yenye bajeti kubwa ile ada haionekani. Kwangu mimi ingekuwa kuchagua kati ya data na posho ya msaidizi wa utafiti. Nikiri lakini kwamba TAIR walifanya jambo la haki: data zinazotimiza mwaka mmoja zinaachiwa wazi kwa wote, wanacholipia wanachama ni upya wake. Hiyo naweza kuishi nayo. Ila si kila taaluma inaweza kusubiri mwaka. Kwenye magonjwa ya mlipuko, data za mwaka jana ni historia.

Na kuna jingine. Ukishaweka lango la malipo, kompyuta haziwezi tena kupita zikikusanya na kuunganisha hazina 50 kwa pamoja. AlphaFold isingefunzwa kwa data za kuomba nywila moja moja. Kwa hiyo mimi bado nasema pesa itoke kwa taasisi nyingi kwa michango midogo ya kudumu, na lango libaki wazi. Ni ngumu zaidi kuipanga, naelewa.

#10 Mleta mada

Wakuu, nimerudi baada ya siku 11. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nafanyia kazi mliyoyasema.

Nilianza na lile swali langu mwenyewe, data zitakwenda wapi tukishindwa. Kuna kanuni za miundombinu huria ya kitaaluma zinazojulikana kama POSI, ziliandikwa 2015, na Crossref, shirika linalosajili DOI za makala, ni miongoni mwa waliozikubali. Mambo 3 humo nimeyachukua moja kwa moja: pesa za muda zitumike kwa kazi za muda tu, kuwe na akiba ya kuendesha hazina hata mapato yakikatika leo (toleo la 2015 lilitaja miezi 12), na uandikwe wosia wa hazina ukiwa bado mzima.

Kwa hiyo tukafanya zoezi. Ijumaa mchana nilimpa mwenzangu, ambaye hajawahi kugusa seva yetu, mashine tupu na nakala rudufu ya juzi yake, nikamwambia aifufue hazina kwa kufuata mwongozo tu, mimi nikae pembeni nisiseme neno. Alianza saa 8 mchana. Saa 3 usiku ukurasa wa kwanza ukafunguka. Tukapeana mikono. Kisha akabofya seti ya kwanza, ikafunguka, ya pili ikafunguka, ya tatu ikasema faili halipo. Tukachunguza: mafaili yaliyozidi ukubwa fulani yalihamishiwa kwenye diski nyingine miaka 3 iliyopita, na diski hiyo haikuwahi kuingizwa kwenye ratiba ya nakala rudufu. Seti 31. Baadhi ni picha za darubini ambazo sampuli zake hazipo tena. Miaka 3 tumekuwa tukiandika kwenye maandiko ya ufadhili kwamba data zetu zina nakala sehemu 2. Tulikuwa tunaamini hivyo kweli. Usiku ule hatukuondoka mpaka nakala ya kwanza ya diski ile ilipokamilika.

Nawaomba kila mwenye hazina afanye zoezi hilo, na amtafute mtu ambaye hajui mfumo. Ukilifanya mwenyewe, mikono yako itaziba mapengo ya mwongozo bila wewe kujua.

Mhasibu, ushauri wako wa umeme nimeupeleka. Sikuomba mradi. Niliandika kurasa 2: saa ngapi kwa wiki, cheo gani, na orodha ya seti 31. Ile orodha ndiyo iliyozungumza. Wamekubali nusu ya mshahara wa mtu mmoja kutoka kwenye makato ya jumla kuanzia mwaka ujao wa fedha, nusu nyingine wamesema niitafute. Fundi, kwenye maelezo ya kazi nimeandika kwamba siku moja kwa wiki ni ya msimbo mkuu. Bosi aliuliza mara 2 kwa nini tumlipe mtu afanye kazi ya "wengine", nikamwonyesha marekebisho 14 tuliyopokea mwaka huu kutoka kwa hao wengine. Imebaki kama ilivyo.

Hiyo nusu nyingine bado inaninyima usingizi. Mkutubi, umesema ulishinda kikaoni mara 2. Ulisema nini? Nikipata japo hoja moja kabla ya Alhamisi nitashukuru. Na kama kuna taasisi humu inayotumia programu ile ile na ina nusu mtu wa kuunganisha na nusu yetu, niandikieni faraghani, tupange mkataba wa mtu mmoja wa kuhudumia hazina 2.

#11 Mkutubi

Mara zote 2 sikutoa hoja. Niliomba kikao kisimame dakika 5, nikafungua hazina mbele yao, nikamwomba kila mjumbe atafute data za makala yake mwenyewe. Mjumbe mmoja hakuzikuta. Tulikuwa tumezihifadhi kwa jina la mwanafunzi wake, akazipata baada ya kuelekezwa, na yeye ndiye aliyesema tulipe.

Nusu mtu ninaye. Nakuandikia sasa hivi.